John Smeaton na Mnara wa Eddystone

1. Miamba yenye hatari

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini-magharibi, pana mji wa bandari uitwao Plymouth. Tangu zamani merikebu za vita na za biashara zimeingia na kutoka hapo. Lakini katika njia yao, kadiri ya maili 14 kutoka mjini, pana miamba katikati ya bahari, nayo huitwa Eddystone. Maji yakijaa, miamba hiyo hufunikwa karibu yote, hata baharia mgeni hadhani kwamba pana hatari. Maji yakipwa, vichwa vyake hutokeza katikati ya povu. Mawimbi ya Bahari ya Atlantiki hufika hapo yakiwa na nguvu zake zote, maana hakuna kisiwa cha kuyavunja. Katika siku za kale merikebu nyingi zilivunjika pale, na mabaharia waliokwisha kuvuka bahari kuu kwa salama wakafa maji karibu na mlango wa bandari.

Mtu wa kwanza aliyethubutu kuweka taa juu ya miamba hiyo alikuwa Henry Winstanley. Alianza kazi mwaka wa 1696. Siku zile Waingereza walikuwa na vita na Wafaransa, naye Winstanley alikamatwa mwambani akachukuliwa mpaka Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 alipopata habari hizo aliamuru arudishwe kwenye kazi yake, kwa kuwa taa ile ingewafaa mabaharia wa mataifa yote, rafiki na adui. Taa ikawashwa mwezi wa Novemba 1698. Mnara ule ulikuwa na mapambo mengi, na mjenzi wake aliuamini sana, hata akatamani kuwamo ndani yake siku ya dhoruba kali kupita zote. Akapata alilolitamani. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1703 ilivuma tufani ambayo Waingereza hawajaisahau mpaka leo, naye Winstanley alikuwa mnarani. Kulipopambazuka hapakuwa na mnara, wala mjenzi, wala mtu ye yote katika wale waliokuwa pamoja naye.

Mnara wa pili ulijengwa na John Rudyerd, mfanyi biashara ya hariri wa London. Yeye aliacha mapambo, akaufanya mnara wake mwembamba na laini, wa mbao zilizofungwa imara kama ubavu wa merikebu, na ndani yake akatia mawe ili uwe mzito. Mnara huo ulimalizika mwaka wa 1709, ukashindana na bahari miaka 46. Lakini mbao ziwezazo kushindana na maji haziwezi kushindana na moto. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1755 moto ulishika paa la chumba cha taa. Mlinzi mmoja, mzee aliyesemwa kuwa na umri wa miaka 94, alirusha maji juu kwa ndoo, na risasi ya paa iliyoyeyuka ikamwangukia, nyingine ikamwingia kinywani. Walinzi waliokolewa kwa mashua, lakini mzee yule alikufa baada ya siku 12, na daktari akakuta kipande cha risasi tumboni mwake. Mnara ukateketea wote.

Basi, maji yalikuwa yameshinda mnara wa kwanza, na moto umeshinda wa pili, na miamba ilikuwa gizani tena. Ni nani atakayejenga wa tatu?

2. Mtoto apendaye zana

Mtu huyo alizaliwa tarehe 8 Juni 1724 huko Austhorpe, karibu na mji wa Leeds, upande wa kaskazini wa Uingereza, mbali na bahari ya Plymouth. Jina lake John Smeaton. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mwenye nyumba nzuri na riziki ya kutosha.

Tangu utoto wake John hakupenda sana michezo ya watoto wenziwe. Alipenda kuwatazama mafundi kazini, na kuwauliza maswali mpaka wakachoka. Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa angali mdogo sana, watu wa nyumbani walishtuka kumwona juu ya paa la ghala, akijaribu kusimamisha kinu cha upepo alichokitengeneza mwenyewe. Alipokuwa kijana wa shule alikuwa amekwisha kujua kufua chuma, kuchonga mbao na pembe, na kutengeneza zana zake mwenyewe.

Baba yake hakukasirika, lakini alitaka mwanawe ashike kazi ya sheria kama yeye. Kwa hiyo mwaka wa 1742 alimpeleka London ili ajifunze mambo ya mahakama. John alitii akaenda. Walakini moyo wake haukuwa katika vitabu vya sheria. Baada ya muda alimwandikia baba yake barua, akamweleza kwa heshima kwamba kazi ile haimwelei, na kwamba anaona amezaliwa kwa kazi nyingine. Baba akafikiri, akakubali. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu siku zile kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa chini sana ya kazi ya sheria, na mzazi mwingine angaliona haya.

Basi John akawa fundi wa kutengeneza vyombo vya kupimia, kama vile dira na vyombo vya mabaharia. Kazi yake ilikuwa safi, na akili yake ilikuwa nyepesi. Mwaka wa 1753, alipokuwa hajafika umri wa miaka 30, alichaguliwa kuingia katika chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Tena mwaka wa 1755 alisafiri mpaka Uholanzi na nchi jirani, apate kuona mifereji na bandari za watu wale, ambao kwa karne nyingi wameishi kwa kushindana na maji. Alikuwa hajui bado kwamba mwisho wa mwaka ule ule mnara wa Eddystone ungeungua.

3. Kufikiri kabla ya kujenga

Wenye mnara walitafuta mtu wa kuujenga upya. Wakaenda kwa mkuu wa Royal Society kumwomba shauri, naye akamtaja Smeaton. Smeaton alikuwa amejenga vinu tu. Mnara wa baharini alikuwa hajajenga hata mmoja. Lakini mkuu yule alijua tabia yake, ya kwamba hasemi neno bila kulipima, wala haanzi kazi bila kuielewa.

Watu wengi walidhani kwamba mnara wa Eddystone hauna budi kuwa wa mbao, maana mbao hupinda kidogo na kurudi, bali jiwe halipindi. Smeaton aliona vingine. Alifikiri kwamba mnara wa mbao ni mwepesi, nao huponea katika kuyumba. Bali yeye alitaka mnara ulio mzito hata bahari isiweze kuusogeza kabisa. Akakusudia kujenga kwa mawe matupu.

Lakini uwe na umbo gani? Hapo alikumbuka mwaloni, mti mkubwa wa nchi za baridi. Mwaloni huwa mpana sana penye shina, kisha hupungua kwa mzingo mzuri kadiri uendavyo juu. Upepo hukamata matawi yake kwa nguvu zote, na kwa kawaida mti husimama, kwa sababu uzito wake uko chini na mizizi yake imeshika ardhi. Basi Smeaton akachora mnara mfano wa shina la mwaloni: chini futi 26 toka upande hata upande, na juu futi 17. Sehemu ya chini ilikuwa haina chumba wala nafasi, ila jiwe juu ya jiwe.

Tena alitaka mnara uwe na mizizi. Kwa hiyo aliamuru mwamba wenyewe uchongwe ngazi ngazi, ili mawe ya kwanza yakae ndani yake na kuwa kama sehemu ya mwamba. Na kila jiwe alilichora liwe na kichwa kipanukacho, mfano wa mkia wa samaki, kikaingia katika pengo la jiwe la pili lenye umbo lile lile. Mawe yaliyofungana hivyo hayawezi kuvutwa moja moja. Atakaye kuondoa moja hana budi kuondoa yote. Baina ya safu na safu alitia vipande vya marumaru, nusu katika safu ya chini na nusu katika safu ya juu, ili safu zisiteleze.

Ikabaki shida moja, nayo ni chokaa. Chokaa ya kawaida, kama ile ichomwayo kwa mawe ya matumbawe, hukauka penye hewa. Ikiwekwa ndani ya maji hubaki laini, na mwisho huoshwa. Smeaton akakusanya mawe ya chokaa ya mahali mbalimbali, akayachoma, akafanya madonge, akayatia majini, akaangalia yapi yatakuwa magumu. Watu walikuwa wakiamini kwamba jiwe gumu hutoa chokaa ngumu. Smeaton aligundua kwamba sivyo. Chokaa iliyokuwa ngumu majini ilitoka katika mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Akachagua chokaa ya Aberthaw katika nchi ya Wales, akaichanganya sawasawa na udongo wa volkano ulioletwa kutoka Italia. Jambo hili laonekana dogo, lakini katika mambo yote aliyoyafanya labda ndilo lililoenea mbali zaidi. Wengine walifuata njia ile, na mwaka wa 1824 fundi mmoja wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya serikali kwa ajili ya saruji aliyoiita Portland. Leo madaraja na gati za dunia nzima hujengwa kwa saruji ya jina hilo.

4. Kazi ya mwambani

Mwezi wa Agosti 1756 wachonga mawe walipanda mwambani kwa mara ya kwanza. Smeaton aliwagawanya watu wake makundi mawili, kila kundi zamu yake, ili wasichoke. Wengi wao walikuwa wachimba madini wa Cornwall. Kwa kuwa siku zile wakubwa wa manowari walikuwa wakiwakamata wanaume kwa nguvu na kuwafanya mabaharia, kila mfanyi kazi wake alipewa nishani ya fedha, na mwenye kuionyesha hakukamatwa.

Kazi yenyewe ilitegemea maji na upepo. Siku moja walipata saa sita, siku ya pili saa mbili, na siku nyingine hata kutia mguu mwambani hawakuweza. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza dhoruba iliikamata merikebu yao ilipokuwa ikirudi, ikaipeleka mbali baharini, Smeaton akiwamo, na kwa siku kadhaa watu wa Plymouth hawakujua kama wamepona.

Wakati wa baridi kazi haikulala. Ufukoni mawe yalichongwa: mawe magumu ya granaiti kwa upande wa nje, na mawe ya Portland, yaliyo mepesi kuchongwa, kwa upande wa ndani. Kila safu ilipangwa kwanza nchi kavu, jiwe kwa jiwe, mpaka Smeaton alipoona kwamba yamefungana sawasawa. Ndipo yalipotiwa alama na kupakiwa. Basi mtu wa mwambani hakuwa na haja ya kubahatisha.

Tarehe 12 Juni 1757 liliwekwa jiwe la kwanza, lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Tokea siku hiyo Smeaton alikuwa karibu daima pamoja na watu wake, na palipokuwa na hatari alikwenda mwenyewe kwanza. Jioni moja aliteleza ukingoni akaanguka juu ya mwamba. Alipoinuka aliona kidole gumba chake kimeteguka. Daktari alikuwa mbali. Basi akakishika kwa mkono wa pili, akakivuta kwa nguvu mpaka kikarudi mahali pake, akaendelea na kazi.

Kila ilipofika majira ya dhoruba mnara uliachwa peke yake katikati ya mawimbi. Hapo palikuwa na jaribu la moyo. Baada ya usiku wa upepo mkali Smeaton hupanda asubuhi kilima kiitwacho Hoe, kilichoko mjini Plymouth mbele ya bahari, na darubini mkononi. Mjini walikuwako waliosema kwamba mnara wa mawe hauwezi kudumu pale. Yeye alisimama, akaangalia upande wa miamba. Mara aliona mawimbi yakipanda juu kama moshi mweupe, yakafunika kila kitu; kisha povu likashuka, na mnara ukaonekana umesimama. Ndipo aliporudi nyumbani kula.

Jiwe la mwisho liliwekwa tarehe 24 Agosti 1759. Katika mawe ya juu Smeaton alichonga maneno ya Zaburi yakumbushayo kwamba nyumba isiyojengwa na Bwana hujengwa bure, na juu ya mlango wa taa maneno ya Kilatini ya kumsifu Mungu. Jina lake mwenyewe hakulitafutia nafasi kubwa. Saa zote ambazo watu walifanya kazi juu ya mwamba, zikijumlishwa, zilikuwa kama wiki 16 tu. Wala hakufa mtu hata mmoja katika ujenzi ule.

Tarehe 16 Oktoba 1759 taa iliwashwa. Ilikuwa mishumaa 24 tu! Palikuwa na saa iliyogonga kila baada ya nusu saa, kuwaamsha walinzi wakate tambi za mishumaa isije ikafifia. Leo nuru hiyo twaiona hafifu. Lakini kwa nahodha aliyekuwa gizani ilikuwa tofauti ya uzima na mauti. Mwanzoni mwa mwaka wa 1762 ilivuma dhoruba iliyoharibu vitu vingi katika bandari ya Plymouth. Kulipokucha watu walitazama Eddystone. Mnara ulikuwa umesimama, karibu bila kuguswa. Tangu siku hiyo waliokuwa wakiutilia shaka walinyamaza.

5. Bandari, madaraja na huzuni moja

Smeaton alikuwa na umri wa miaka 35 taa ilipowashwa. Mwaka ule ule Royal Society ilimpa nishani yake kuu kwa ajili ya majaribio yake ya magurudumu ya maji na vinu vya upepo. Toka hapo aliitwa kila upande wa nchi. Alisimamia mfereji mrefu unaounganisha bahari mbili katika Uskochi, akajenga madaraja ya Coldstream na Perth, akaboresha mitambo ya mvuke ya kuvuta maji migodini. Inasimuliwa kwamba Malkia Catherine wa Urusi alimwalika kwa ahadi ya mali nyingi, naye akakataa, akipendelea kuitumikia nchi yake.

Bahari hakuiacha. Huko St Ives, katika Cornwall, alijenga boma la mawe kati ya mwaka wa 1767 na 1770 ili kuzikinga mashua za wavuvi. Huko Ramsgate palikuwa na bandari yenye maboma mawili makubwa ya kuzuia mawimbi, lakini maji yaliyotulia ndani yake yalikusanya matope, hata merikebu zikakwama. Smeaton akashauri kujengwa ukuta wa kukata bandari, ili maji ya ndani yazuiliwe wakati wa kujaa, kisha yafunguliwe kwa ghafula wakati wa kupwa, yakachukue matope kwenda nayo nje. Tena kwa ajili ya kutengeneza misingi iliyo chini ya maji alitumia sanduku la chuma lisilo na kitako. Watu walishushwa ndani yake mpaka chini ya bahari, na hewa ikasukumwa kwao kwa bomba kutoka mashuani, hata wakaweza kufanya kazi pasipo kuzama.

Lakini msidhani kwamba kila alilolijenga lilisimama. Mwaka wa 1780 ulimalizika ujenzi wa daraja lake la Hexham, juu ya mto Tyne. Mwezi wa Machi 1782 mto ulifurika kupita kiasi, maji yakachimba chini ya misingi, na kwa muda mfupi daraja likaanguka. Mtu aliyeishinda Atlantiki alishindwa na mto. Smeaton alihuzunika sana. Hata hivyo hakuwasingizia mafundi wake, wala hakuacha kazi. Alijua kwamba chini ya kila jengo pana kitu ambacho mjenzi hakukifanya, yaani ardhi yenyewe, na kitu hicho kikiondoka hakuna ufundi utakaofaa. Neno hilo tutalikumbuka tena baadaye.

Nyumbani kwake Austhorpe alijijengea mnara mdogo wa ghorofa nne. Chini palikuwa na tanuri la kufulia chuma, juu yake mashine ya kukereza, tena chumba cha kuwekea mifano ya kazi zake, na juu kabisa mahali pa kuandikia na kutazamia nyota. Akiwamo humo, hapana mtu aliyeruhusiwa kumsumbua. Mwaka wa 1771 yeye na wenziwe wachache walianzisha chama cha mainjinia, cha kwanza cha namna hiyo katika Uingereza. Na kazi ambayo zamani ilikuwa haina jina ikawa na heshima yake.

Alitumia miaka mingi kuandika kitabu kikubwa juu ya ujenzi wa Eddystone, chenye michoro ya kila safu ya mawe. Kitabu kilitoka mwaka wa 1791. Hakuficha siri za ufundi wake, kama wafanyavyo wengine, bali aliweka yote wazi ili wajenzi watakaofuata waweze kuyatumia. Mwaka uliofuata, alipokuwa akitembea bustanini mwake, alipatwa na kiharusi, akafa tarehe 28 Oktoba 1792, mwenye umri wa miaka 68. Alizikwa katika kanisa la Whitkirk, karibu na nyumba aliyozaliwa.

6. Mnara wahamishwa

Smeaton alikufa, lakini mnara wake uliendelea kuangaza. Mwaka wa 1810 mishumaa iliondolewa, zikawekwa taa za mafuta; baadaye kikawekwa kioo kikubwa cha kukusanya nuru. Wajenzi wengine walisoma kitabu chake na kuifuata njia yake. Robert Stevenson alipojenga mnara wa Bell Rock katika bahari ya Uskochi, uliowashwa mwaka wa 1811, alianzia pale Smeaton alipokomea.

Hata ilipopita miaka zaidi ya mia moja, walinzi waliona kwamba mnara watetemeka wakati wa mawimbi makubwa. Mnamo mwaka wa 1877 mainjinia walikata shauri. Mnara wenyewe ulikuwa mzima, mawe yake yamefungana kama siku ya kwanza. Bali mwamba uliokuwa chini yake ulikuwa umeliwa na bahari. Ndilo jambo lile lile la Hexham. Shirika la Trinity House, lililopewa kazi ya kutunza minara ya taa, likaamuru mnara mpya ujengwe juu ya mwamba wa jirani. Injinia James Douglass aliujenga, mkubwa kuliko wa Smeaton, na taa yake ikawashwa mwaka wa 1882.

Sasa mnara wa zamani ufanywe nini? Kazi yake ilikuwa imekwisha. Kuuacha vile vile kungekuwa hatari, na kuuvunja na kuyatupa mawe baharini kungekuwa kazi rahisi. Lakini watu wa Plymouth hawakukubali. Baba zao na babu zao walikuwa wameiona taa ile wakirudi safarini. Basi wakachangishana fedha, na mnara ukabomolewa kwa uangalifu, jiwe moja moja, kutoka juu kwenda chini. Mawe yakaletwa kwa merikebu hata Plymouth, yakajengwa tena kwa utaratibu wake juu ya kitako kipya cha granaiti. Na mahali walipopachagua ni kilima cha Hoe, pale pale alipokuwa akisimama Smeaton na darubini yake. Mwaka wa 1884 mnara ulifunguliwa kwa watu wote.

Sehemu ya chini haikuhamishwa. Imeachwa mwambani, imeshikamana na jiwe lake, na mpaka leo kisiki hicho cha mwaloni wa mawe huonekana kando ya mnara wa Douglass. Mwaka wa 1941, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Plymouth, lakini mnara wa Hoe ulibaki umesimama. Siku hizi umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na wageni hupanda ngazi zake 93 mpaka chumba cha taa, wakatazama bahari. Huko St Ives nako boma la Smeaton lingali likiwakinga wavuvi, na juu yake umehifadhiwa mnara mdogo wa taa wa karne ya 19. Boma liliporefushwa mwishoni mwa karne hiyo ulijengwa mnara mwingine mbele yake. Wa zamani ukabaki katikati, ukionyesha boma la kwanza lilikomea wapi.

Pengine mtu atauliza, kuna faida gani kutunza taa isiyoangazia merikebu? Jibu lake ni hili. Mnara ulio juu ya kilima hauangazi tena njia ya nahodha, lakini waangaza njia ya fundi. Ajaye kuutazama huona jinsi jiwe lilivyofungana na jiwe, huona umbo la mti uliofundisha, na hujifunza kwamba kazi njema huanza kwa kuuliza na kupima kabla ya nyundo kupigwa. Kitabu chaweza kumweleza hayo. Lakini mkono ukigusa jiwe lenyewe, moyo husadiki. Mji ukibomoa kazi za wazee wake kwa kuwa hazina kazi tena, hupoteza waalimu ambao hawaombi mshahara.

Smeaton alijenga ili mabaharia asiowajua wasife. Watu ambao hakuwajua, waliozaliwa baada ya kufa kwake, walitoa fedha zao ili kazi yake isipotee. Hivyo wema ulirudi ulikotoka. Nawe, mwanafunzi, ukipewa kazi, hata ikiwa ndogo, ifanye kwa namna ambayo wajao nyuma yako, wakati haja yake itakapokwisha, waone uchungu kuibomoa.